Maji ya Beseni Huzungushwa na Nini?

Wasafiri wanaosimama karibu na Nanyuki, mahali Ikweta inapoikata barabara, huonyeshwa beseni lenye tundu na kijiti kinachoelea. Upande wa kaskazini kijiti huzunguka huku, upande wa kusini huzunguka kule, na juu ya mstari hutulia. Watoto hurejea nyumbani wakiamini kwamba ni dunia iliyoyageuza maji yale. Je, ni kweli?

Nguvu yenyewe ipo. Mfaransa Gaspard-Gustave de Coriolis aliieleza kwa hesabu mwaka 1835, nayo ndiyo inayovipa vimbunga mwelekeo. Kusini mwa Ikweta huzunguka kwa kufuata mishale ya saa, kama Idai kilichoipiga Msumbiji mwaka 2019. Kaskazini huzunguka kinyume chake. Lakini kimbunga hutanda mamia ya kilomita na hudumu siku kadhaa, ilhali maji ya beseni humalizika kwa muda mfupi mno. Tena, nguvu hiyo hupungua kadiri Ikweta inavyokaribia. Hatua chache kutoka mstarini, haiwezi kukizungusha hata kijiti.

Kinachoyazungusha maji ni namna yalivyomiminwa, umbo la chombo, au mkono uliozibua tundu. Mzunguko mdogo uliosalia ndani yake huongezeka kasi maji yanapolikaribia tundu, mfano wa mtoto anayezunguka kisha akaikunja mikono kifuani.

Mwaka 1962, huko Marekani, Ascher Shapiro alifaulu kuiona athari ya dunia katika tangi lenye upana wa karibu mita 1.8, baada ya kuyaacha maji yatulie saa 24. Jikoni mwetu hamna utulivu wa namna hiyo.

Wazazi wanaweza kulithibitisha jambo hili pamoja na watoto. Kateni kitako cha chupa kubwa ya plastiki, igeuzeni mdomo chini juu ya ndoo, kisha itieni maji. Yakorogeni taratibu kuelekea kulia, na mfungue kifuniko. Rudieni kwa kuyakoroga kuelekea kushoto. Mtaona maji yanaufuata mkono wenu, si dunia. Yale ya ndoo mwagilieni mimea, pasiwe na israfu.

Aya ya 6 ya Suratul Hujurat inatufunza kuihakiki habari kabla ya kuifanyia kazi. Mtoto aliyezoezwa kuuliza na kujaribu mbele ya beseni la maji hatakuwa mwepesi wa kuamini kila anachoonyeshwa atakapokuwa mtu mzima.

Wallahu aalam.