Kinywa cha Mbwa: Utunzaji wa Meno Nyumbani na Hadhari Zake

Katika vibanja vya Bukoba na Muleba mbwa hafugwi kwa pambo. Huwekwa ili ailinde nyumba usiku, awafukuze tumbili washukao kula mahindi, na afuatane na vijana waendapo malishoni. Kazi hizo zote hutegemea meno yake. Hata hivyo ni nadra mtu kuyatazama meno hayo mpaka siku mbwa atakapoanza kudondosha chakula, kutokwa na mate na kukaa kinywa wazi.

Siku hiyo huzuka swali gumu. Huenda mbwa anaumwa jino. Huenda mfupa wa samaki umemkwama. Na huenda ameshikwa na kichaa cha mbwa. Hali hizo tatu zaweza kufanana machoni pa mwenye mbwa, lakini kosa katika kuzipambanua laweza kumgharimu mtu maisha yake. Makala haya yanaeleza jinsi meno ya mbwa yanavyoharibika, jinsi yanavyoweza kutunzwa nyumbani, na wakati ambapo mkono wa mtu haupaswi kabisa kukikaribia kinywa cha mbwa.

Meno 42

Mbwa huzaliwa bila meno. Afikapo umri wa majuma 3 hivi, meno ya utoto huanza kuchomoza, na yakikamilika huwa 28. Kati ya mwezi wa 4 na wa 7 meno hayo hung'oka na kupisha meno ya ukubwani, ambayo ni 42. Mtu mzima aliyetimiza meno yake yote ana 32.

Katika kila upande wa taya la juu mbwa ana meno ya mbele 3, chonge 1, magego madogo 4 na magego makubwa 2. Taya la chini lina mpango huo huo, ila magego makubwa ni 3 kila upande. Chonge hushika na kurarua. Gego dogo la 4 la juu na gego kubwa la kwanza la chini hupishana kama makali ya mkasi, na ndiyo hukata nyama na kuvunja mifupa. Meno ya mbwa, basi, yameumbwa kwa kukata zaidi kuliko kusaga.

Mate yake nayo hutofautiana na ya mtu. Mate ya mtu yana kimeng'enya kiitwacho amilesi, ambacho huanza kuivunja wanga mara chakula kiingiapo kinywani. Mate ya mbwa karibu hayana kimeng'enya hicho. Isitoshe, mate ya mbwa yana hali ya alikali zaidi kuliko ya mtu. Kwa sababu hiyo asidi inayotoboa meno hupunguzwa nguvu, na ndiyo maana mbwa hapati meno yaliyooza mara nyingi kama mtu. Lakini alikali hiyo hiyo huyasaidia madini ya mate kugandamana juu ya meno. Kinachomwokoa mbwa na ugonjwa mmoja humweka karibu na mwingine.

Utando ugeukao jiwe

Mwaka 1683 Antoni van Leeuwenhoek, mkazi wa mji wa Delft huko Uholanzi, aliandika barua kwa chama cha wanasayansi cha Royal Society cha London. Alikuwa na desturi ya kuyasugua meno yake kwa chumvi, lakini bado aliona kitu cheupe kimebaki baina ya meno. Alipokitazama kwa lenzi aliyoitengeneza mwenyewe aliona viumbe vidogo mno vikienda huku na huko. Hayo yalikuwa miongoni mwa maelezo ya kwanza kuandikwa kuhusu bakteria.

Kitu hicho cheupe hupatikana pia katika kinywa cha mbwa. Ni utando laini wa bakteria, mate na mabaki ya chakula. Hata jino lililosafishwa vizuri huanza kufunikwa tena baada ya saa chache. Usipoondolewa, katika siku 2 au 3 madini ya kalsiamu yaliyomo katika mate huanza kuugandisha, kama vile chokaa igandavyo ndani ya birika lichemshiwalo maji kila siku. Hapo hugeuka ukoga mgumu wenye rangi ya manjano au kahawia. Ukoga huo una uso uliokwaruza, na utando mpya hupata mahali pazuri zaidi pa kushika.

Ukoga wenyewe si adui mkubwa. Adui ni bakteria wanaojificha chini ya ufizi. Mwili hupambana nao, na ufizi huwa mwekundu, huvimba na kutoka damu kwa urahisi. Katika hatua hii ugonjwa waweza kurudishwa nyuma kwa kusafisha meno. Ukiachwa, nyuzi zinazoshika jino huharibika, mfupa wa taya huliwa, na jino hulegea. Mfupa uliokwisha kupotea haurudi kwa kusafisha.

Uthibitisho wa jambo hili ulipatikana kwa mbwa wenyewe. Mwaka 1975 Jan Lindhe wa Sweden na wenzake walichapisha matokeo ya uchunguzi wa miaka 4 uliofanywa kwa mbwa wa aina ya beagle. Mbwa wote walilishwa chakula laini. Kundi moja lilisafishwa meno mara 2 kila siku. Kundi la pili halikusafishwa. Mbwa wasiosafishwa walipata ugonjwa wa fizi na kupoteza sehemu ya mfupa unaoshika meno. Waliosafishwa walibaki na fizi zenye afya. Chakula kilikuwa kimoja. Tofauti ilikuwa katika kuuondoa utando.

Chakula cha kibanjani

Mbwa wengi wa Kagera hula kile kilichobaki jikoni: ndizi zilizopikwa kwa maharage, ugali, na vichwa au mifupa ya samaki. Ndizi iliyopikwa ni laini. Haimdhuru mbwa kwa kuwa ndizi, lakini haiyapangusi meno, na mabaki yake hukaa baina ya magego. Tena, mtoto wa mbwa anayelishwa ndizi peke yake hukosa protini na kalsiamu ya kutosha kujenga mifupa na meno imara. Dagaa waliokaushwa na kusagwa, wakichanganywa katika chakula chake, husaidia kuziba pengo hilo.

Mapanki, yaani mifupa ya sangara inayobaki baada ya mnofu kuondolewa, yahitaji uangalifu. Miiba yake huchoma fizi, hukwama baina ya meno au kukingama kwenye paa la kinywa. Mifupa ya kuku na ya mbuzi iliyopikwa hupasuka vipande vyenye ncha. Pembe, mawe na mifupa mikubwa ya ng'ombe huweza kulipasua gego la kukatia, maana tabaka gumu la nje la jino la mbwa ni jembamba kuliko la mtu. Kuna kipimo rahisi: kitu kisichobonyea hata kidogo kikiminywa kwa ukucha ni kigumu mno kwa meno ya mbwa.

Namna ya kusafisha

Kazi ya kwanza haihusu meno hata kidogo. Ni chanjo ya kichaa cha mbwa. Mbwa apatapo umri wa miezi 3 achanjwe, na chanjo irudiwe kwa wakati atakaouelekeza mtaalamu wa mifugo. Asiyechanja mbwa wake asianze kumshika kinywani.

Kazi ya pili ni kumzoeza. Mtoto wa mbwa aliyekwisha kuchanjwa aguswe midomo kila siku kwa upole, kisha ainuliwe mdomo wa juu kwa muda mfupi, kisha asifiwe au apewe kipande kidogo cha chakula. Baada ya majuma machache atakuwa amekubali kidole kupita juu ya meno yake. Wakati meno ya utoto yanapong'oka fizi huuma. Siku hizo zoezi liwe jepesi au lisimame.

Kazi ya tatu ndiyo usafishaji. Kitambaa safi cha pamba huviringishwa kwenye kidole na kuloweshwa katika maji yaliyochemshwa na kupoa. Mswaki laini wa mtoto pia wafaa, mradi uwe wa mbwa huyo peke yake. Mdomo huinuliwa upande mmoja, na meno husuguliwa kwa nje, hasa pale yanapokutana na ufizi. Hakuna haja ya kuyapanua mataya wala kupitisha kidole katikati ya meno. Ukoga hujikusanya zaidi upande wa shavu, kwenye magego ya juu, kwa sababu karibu na hapo ndipo mfereji mkubwa wa mate unapofunguka. Dakika 2 zatosha. Inafaa kufanya hivyo kila siku, kwa kuwa utando haungoji juma liishe ndipo uanze kuganda.

Dawa ya meno ya watu isitumike. Mbwa hajui kusukutua. Humeza kila kitu. Floridi iliyomo humdhuru, na sukari iitwayo zailitoli, inayotiwa katika baadhi ya dawa hizo, ni sumu kali kwake. Kinachosafisha hasa ni msuguo, na maji safi hukidhi haja.

Ukoga uliokwisha kuwa mgumu usikwanguliwe nyumbani kwa kisu wala msumari. Kufanya hivyo hulichubua jino na kuujeruhi ufizi, na sehemu mbaya iliyo chini ya ufizi hubaki pale pale. Kazi hiyo ni ya daktari wa mifugo, ambaye kwanza humlaza mbwa usingizi kwa dawa. Vivyo hivyo, mbwa mzima mkali ambaye hajapata kuguswa kinywani asilazimishwe. Kwake yatosha kurekebisha chakula, kumtazama alapo, na kumwita mtaalamu dalili zinapotokea: harufu mbaya ya kinywa, kutafuna kwa upande mmoja, damu, jino lililovunjika, au uvimbe chini ya jicho, ambao mara nyingi hutokana na usaha kwenye mzizi wa gego la juu.

Mate yanapotiririka

Hapa ndipo hadhari kuu ilipo. Virusi vya kichaa cha mbwa husafiri katika mishipa ya fahamu hadi ubongoni, kisha huelekea kwenye tezi za mate. Katika aina moja ya ugonjwa huu mbwa hakimbii ovyo wala hamng'ati kila amwonaye. Hupooza. Misuli ya koo hushindwa kumeza, taya la chini hulegea, mate hutiririka, na sauti hubadilika. Kwa mtu asiyejua, mbwa huyo huonekana kana kwamba amekwamwa na mfupa.

Kijana mwenye huruma, aliyemwona mbwa wake akila mapanki jana yake, huweza kutia mkono kinywani autafute mfupa ambao haupo. Mchubuko mdogo kidoleni watosha kuwa mlango wa virusi. Tena, mate ya mbwa aliyeambukizwa huweza kuwa na virusi siku kadhaa kabla ya dalili kuonekana. Hakuna mtu awezaye kumtofautisha mbwa wa namna hii na mwenye maumivu ya jino kwa kumtazama tu nyumbani.

Kwa hiyo kanuni ni moja. Mbwa aliyebadilika ghafla, anayetokwa na mate au kushindwa kufumba kinywa, asiguswe kinywani na mtu yeyote wa nyumbani. Watoto waondolewe, mbwa afungiwe mahali peke yake ikiwezekana bila kumshika, na afisa mifugo aarifiwe mara moja.

Mtu aliyeng'atwa, aliyekwaruzwa, au ambaye mate ya mbwa kama huyo yameingia katika jeraha, jicho au kinywa chake, aoshe mahali hapo mara moja. Jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15. Macho na kinywa vioshwe kwa maji mengi. Kisha aende hospitali siku hiyo hiyo, hata kama jeraha ni dogo. Tangu tarehe 6 Julai 1885, Louis Pasteur alipomchanja mtoto Joseph Meister huko Paris, imejulikana kwamba mtu aliyeng'atwa aweza kuokolewa kwa chanjo. Lakini chanjo hufaa kabla ya dalili. Dalili zikishaanza kwa mtu, karibu hakuna anayepona.

Kwa walimu na wanafunzi

Somo hili laweza kufundishwa bila kumgusa mbwa aliye hai. Taya la mbuzi kutoka machinjioni, likichemshwa na kusafishwa, litawaonyesha wanafunzi meno ya mnyama alaye majani, ili walilinganishe na hesabu ya meno ya mbwa iliyotolewa hapo juu. Ganda la yai likilowekwa katika siki au maji ya ndimu kwa siku moja litaonyesha jinsi asidi inavyoyeyusha kalsiamu. Mwalimu na aulize: kwa nini mate ya mbwa huyalinda meno yake dhidi ya jambo hilo, na kwa nini ulinzi huo humletea ukoga?

Zoezi la mwisho hufanywa nyumbani. Kila mwanafunzi na aulize mbwa wa nyumba yao alichanjwa mwaka gani. Shirika la Afya Duniani hushauri kwamba walau mbwa 70 katika kila 100 wachanjwe ili ugonjwa usiweze kuenea miongoni mwao. Darasa likikusanya majibu na kuyahesabu, litajua kama mtaa wao umekifikia kiwango hicho. Kama haujakifikia, hesabu hiyo na ipelekwe kwa afisa mifugo, maana itakuwa na faida kubwa zaidi kuliko alama za daftarini.