Sakafu, Dari na Kukata: Istilahi za Hisabati katika Lugha ya C

Makala haya yanakusudia kueleza tatizo moja la istilahi linalomkabili yeyote anayefafanua somo la kompyuta kwa Kiswahili. Katika vyuo vikuu vya Meru na Embu somo hilo hufundishwa kwa Kiingereza. Hata hivyo, Kiswahili husikika wanafunzi wanapoelezana nje ya darasa, na hapo ndipo istilahi huzaliwa, njema na mbovu.

Lugha ya C ilitungwa na Dennis Ritchie katika Maabara za Bell, Marekani, mapema katika miaka ya 1970. Fankisheni zake za hisabati, yaani amri zilizokwisha kutungwa ambazo hupokea nambari na kurudisha jibu, hutangazwa katika faili liitwalo math.h. Mwanaisimu anaweza kuzilinganisha na vitenzi: sqrt, itoayo kipeuo cha pili, huhitaji yambwa moja, pow, itoayo kipeo, huhitaji mbili, mfano wa kitenzi -pa.

Tuchukue chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa chenye kilo 1,250 za kahawa safi, ambapo kila gunia huchukua kilo 60. Katika C, 1250/60 ni 20, kwa kuwa nambari zote mbili ni kamili. Sehemu inayosalia hutupwa. Tukiandika 1250.0/60 tunapata 20.83 na ushei. Kwa jibu hilo, floor hutoa 20, idadi ya magunia yatakayojaa. Ceil hutoa 21, idadi ya magunia yatakayohitajika. Anayezichanganya huacha kilo 50 bila gunia.

Majina hayo mawili, yenye maana ya sakafu na dari, yalianzishwa na Kenneth Iverson mwaka 1962. Wako wanaoeleza kwamba floor "hukata desimali". Kwa nambari chanya maelezo hayo hayana kasoro. Lakini wakulima wawili wakigawana deni la mbolea la shilingi 1,235, kila mmoja huandikiwa -617.5. Tukikata desimali, kama ifanyavyo trunc, tunapata -617, na chama hupungukiwa shilingi moja. Tukitumia floor tunapata -618, na wakulima hutozwa shilingi moja zaidi. Sababu ni kwamba sakafu huwa chini sikuzote, ilhali kukata huelekea sifuri.

Kwa hiyo tunapendekeza sakafu itumike kwa floor, dari kwa ceil, na kukata kwa trunc peke yake. Maneno yote matatu ni ya kila siku, na taswira zake ni sahihi. Aidha, hapana budi kila istilahi ya namna hii ijaribiwe kwa nambari hasi kabla ya kukubaliwa, kwani istilahi isiyofaa kwa deni haifai kwa daftari la mkulima.