Boi na Yaya: Ni Nani Aliyeipa Kazi ya Nyumbani Jinsia Yake?

Katika lugha ya Kiswahili liko neno dogo lenye historia ndefu, nalo ni "boi". Asili yake ni neno la Kiingereza lenye maana ya mtoto wa kiume. Hata hivyo, katika nyumba za Wazungu wa Tanganyika na Kenya enzi za ukoloni, boi aliweza kuwa mtu mzima mwenye mke, watoto na hata wajukuu. Alipika, akafua, akapiga pasi, akatandika vitanda na kuandaa meza. Kule Uingereza alikotoka mwajiri wake, kazi hizo zilihesabiwa kuwa za wanawake. Na kule kijijini alikotoka boi mwenyewe, nyingi kati ya hizo zilihesabiwa vivyo hivyo. Imekuwaje basi kazi ya wanawake wa pande zote mbili ikawa kazi ya wanaume pale zilipokutana?

Jinsi na jinsia

Wataalamu wa elimu ya jamii hutenganisha mambo mawili. Jinsi ni maumbile ya mwili anayozaliwa nayo mtu. Jinsia ni mafungu ya kazi, heshima, mavazi na madaraka ambayo jamii huyagawa kwa kuyatazama maumbile hayo. Kuzaa ni jambo la jinsi. Kupiga pasi ni jambo la jinsia. Hakuna kiungo cha mwili wa mwanamke kilichoumbwa kwa ajili ya pasi. Kwa kuwa jinsia hutengenezwa na jamii, hubadilika kila mahusiano ya jamii yanapobadilika, na mojawapo ya mahusiano hayo ni lile la rangi.

Kazi moja, nchi tatu

Uingereza, katika sensa ya mwaka 1931, watumishi wa nyumbani walikuwa zaidi ya milioni 1, na walio wengi mno walikuwa wanawake weupe. Katika Marekani ya mwaka 1940, takriban asilimia 60 ya wanawake weusi walioajiriwa walifanya kazi katika nyumba za watu. Katika Tanganyika ya miaka hiyo hiyo, mtumishi wa kawaida alikuwa mwanamume Mwafrika. Sufuria ni ile ile na ufagio ni ule ule. Kilichotofautiana ni nani aliyetawala na nani aliyetawaliwa.

Sababu za hali hiyo zilikuwa kadhaa. Kodi ya serikali ilitakiwa kulipwa kwa fedha taslimu, nayo iliwasukuma wanaume kutoka vijijini kwenda kutafuta kibarua. Wanawake walibaki wakilima chakula kilichoilisha familia, na hivyo mwajiri wa mjini aliweza kumlipa mwanamume ujira usiotosha kulisha mke na watoto. Karen Tranberg Hansen, aliyechunguza Rhodesia ya Kaskazini, yaani Zambia ya leo, katika kitabu chake cha mwaka 1989, alionyesha sababu nyingine: mabibi wa Kizungu hawakupenda kuwaweka wanawake wa Kiafrika karibu na waume zao.

Hapo ndipo rangi ilipoigeuza jinsia. Mwanamume Mwafrika aliingizwa hadi chumba cha kulala cha bibi kwa sababu hakuhesabiwa kuwa mwanamume kamili. Jina "boi" lilimvua utu uzima wake. Naye mwanamke Mwafrika alizuiwa mlangoni kwa kushukiwa tabia ambayo hakuna aliyeithibitisha.

Njia panda

Mwaka 1989 mwanasheria Kimberlé Crenshaw wa Marekani aliifananisha hali kama hii na njia panda: asimamaye katikati huweza kugongwa na magari kutoka pande zote. Alitoa mfano wa kesi iliyoamuliwa mwaka 1976. Wanawake weusi watano waliishtaki kampuni ya General Motors, ambayo haikuwa imewaajiri wanawake weusi kabla ya mwaka 1964. Kazi zilipopunguzwa kwa kanuni ya "wa mwisho kuingia, wa kwanza kutoka", wanawake weusi wote walioajiriwa baada ya mwaka 1970 waliondolewa. Mahakama haikukubali madai yaliyounganisha rangi na jinsia. Kampuni iliajiri wanawake, lakini weupe. Iliajiri weusi pia, lakini wanaume. Waliokuwa yote mawili hawakuonekana.

Sheria nayo huweza kubagua bila kutaja rangi wala jinsia. Sheria ya Marekani ya mwaka 1935 ya hifadhi ya jamii iliwaacha nje watumishi wa nyumbani na vibarua wa mashambani. Ile ya kima cha chini cha mshahara ya mwaka 1938 haikuwafikia watumishi wa nyumbani hadi mwaka 1974. Kazi ilitajwa, watu hawakutajwa. Lakini waliokuwa wakiifanya walijulikana.

Baada ya bendera kubadilika

Baada ya uhuru wa Tanganyika mwaka 1961, kazi hii ilianza kuhama tena. Janet Bujra, katika kitabu chake cha mwaka 2000 kuhusu Tanzania, ameeleza namna utumishi wa nyumbani ulivyozidi kuwa wa wanawake. Familia za Kiafrika zilihitaji mlezi wa watoto mama anapokwenda kazini, na wasichana kutoka vijijini walipokea ujira mdogo kuliko wanaume. Boi akatoweka taratibu, akabaki yaya na "msichana wa kazi". Kizuizi cha rangi kiliondoka, lakini desturi ya kumwita mfanyakazi mtoto ilibaki.

Mwaka 2011 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba namba 189, unaotambua kwamba kazi ya nyumbani ni kazi kama nyingine, yenye haki ya mapumziko, mshahara na usalama. Historia ya boi yathibitisha msingi wake. Kazi iliyopita katika mikono ya wanawake weupe, wanaume weusi na wanawake weusi, na kila mara ikaelezwa kuwa inawafaa wao kwa maumbile, haiwezi kuwa ya maumbile ya yeyote. Ujira wake mdogo nao haukuwekwa na maumbile; uliwekwa na watu, na watu waweza kuupandisha.