Uteuzi wa Programu Huria za Kusikilizia Rekodi za Lugha: Mfano wa Makwasinyi

1. Utangulizi

Mtafiti wa lugha arudipo kutoka nyanjani hushughulika sana na namna atakavyozinukuu rekodi zake, lakini ni nadra kujiuliza atazisikilizia chombo gani. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba uteuzi wa programu ya kusikilizia ni sehemu ya utafiti wenyewe, wala si jambo la kuachiwa fundi wa kompyuta.

Mfano wetu ni Makwasinyi, mojawapo ya vijiji vinavyouzunguka Mlima Kasigau, kusini ya mji wa Voi katika Kaunti ya Taita Taveta. Usemi wa huko una uhusiano wa karibu na Kidawida. Mwaka 1915, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, baada ya Wajerumani kushambulia Kasigau, serikali ya kikoloni ya Waingereza iliwahamisha wenyeji kwa nguvu hadi Malindi, na hawakurejea hadi miaka ya 1930. Walioiona safari ile wakiwa watu wazima hawapo tena. Habari zake zimo vinywani mwa watoto na wajukuu wao. Basi anayemrekodi mzee wa Makwasinyi leo anachukua kitu ambacho huenda kisipatikane mara ya pili.

2. Mbano unaopoteza na mbano usiopoteza

Sauti inapoingia katika kompyuta hupimwa mara nyingi kwa kila sekunde. Rekodi ya mkondo mmoja, iliyopimwa mara 48,000 kwa sekunde kwa biti 24, huchukua takriban megabaiti 518 kwa saa ikiwekwa katika faili ya WAV. Huo ni mzigo kwa mwenye saa mia za rekodi, na ndipo haja ya mbano inapozuka.

Mbano ni wa aina mbili. MP3 hutumia mbano unaopoteza: huondoa sehemu za sauti ambazo sikio linakisiwa kutozitambua. FLAC, iliyotolewa rasmi mwaka 2001 na kuandikiwa kiwango cha kimataifa cha intaneti mwaka 2024, hutumia mbano usiopoteza: hupanga hesabu zile zile kwa ufupi, mara nyingi kwa karibu nusu ya ukubwa, na faili ikifunguliwa kila tarakimu hurudi mahali pake. Mbano wa kwanza ni sawa na kukata pindo la kanga ili iingie sandukuni. Wa pili ni kuikunja.

Yafaa tusitie chumvi. MP3 ya kiwango kizuri haiharibu sana mwinuko wa sauti, kwa hiyo anayechunguza toni za Kidawida hatapotea mara moja. Lakini vipimo vya vikwamizo, ambavyo hutegemea zaidi masafa ya juu, vyaweza kubadilika. Isitoshe, kilichotupwa leo kwa kuwa hatukihitaji hakitapatikana siku msomi mwingine atakapokihitaji.

3. Bure na huria

Hapa Kiswahili kinatusaidia kutenga dhana mbili. Programu ya bure ni ile isiyolipiwa. Programu huria ni ile ambayo leseni yake inamruhusu yeyote kuitumia, kuinakili, kuichunguza ilivyoandikwa na kuirekebisha. Si kila kitu cha bure ni huria. Kwa rekodi zinazotakiwa kudumu, tofauti hiyo ni kubwa: mwenye programu ya bure tu akiamua kuiacha, hakuna mwingine mwenye haki ya kuiendeleza.

4. Programu zenyewe

VLC ilianza mwaka 1996 kama kazi ya wanafunzi wa École Centrale Paris nchini Ufaransa, na tangu 2001 ni huria. Hufungua WAV, FLAC na aina nyingine nyingi, katika kompyuta za mifumo yote mikubwa na hata katika simu. Audacious nayo ni huria, nyepesi, na huifaa kompyuta kuukuu. foobar2000, iliyoanza mwaka 2002, ni stadi sana kwa mafaili yasiyopotezwa na ina kiongezo cha kulinganisha faili mbili tarakimu kwa tarakimu. Lakini ni ya bure, si huria. Praat, iliyotungwa na Paul Boersma na David Weenink wa Chuo Kikuu cha Amsterdam, ni huria, na husoma WAV na FLAC kwa ajili ya uchanganuzi. Haikukusudiwa kuwa chombo cha kusikilizia tu, lakini mwanafonetiki hawezi kuikosa.

5. Tahadhari

Faili kamili yaweza kusikika vibaya kwa sababu ya mipangilio. Kwanza, kisawazisha masafa na kisawazisha ukubwa wa sauti vizimwe. Pili, mfumo wa kompyuta uwekwe kwenye kiwango kile kile cha upimaji kilichotumika kurekodi, la sivyo utaigeuza sauti njiani. Tatu, VLC huweza kupunguza kasi bila kushusha mwinuko, jambo linalorahisisha unukuzi. Lakini sauti iliyopunguzwa kasi hivyo ni ya kunukulia, si ya kupimia. Nne, faili ya FLAC kwa kawaida hubeba alama ya kuhakikia sauti ya asili. Alama hiyo ikaguliwe kila faili inaponakiliwa.

6. Hitimisho

Kwa maoni yetu, idara itunze rekodi katika WAV au FLAC, itumie VLC au Audacious kwa kusikiliza, na Praat kwa kupima. Sababu ya mwisho ni ya haki kuliko ya ufundi. Sauti ya mzee wa Makwasinyi ni mali ya Makwasinyi kabla ya kuwa data ya chuo kikuu. Nakala itakayorudishwa kijijini haina budi kuwa kamili kama ile iliyobaki idarani, na ifunguke kwa programu ambayo mjukuu wake anaweza kuipata bila malipo na kumgawia jirani bila kuomba ruhusa. Tukimrudishia nakala iliyopunguzwa, au asiyoweza kuifungua, tutakuwa tumechukua zaidi ya tulichopewa.