Brashi ya Ndevu: Softi Yako Iko, na Haitakula Doo Yote

Kuna wasee wamekuwa wakinyoa tangu Form Three na hawajawai shika brashi ya povu. Ni sabuni ya kuogea, maji baridi, wembe, imeisha. Siku mbili baadaye shingo imejaa vipele, na lawama yote inaenda kwa wembe. Mimi naonanga shida inaanza kabla wembe haujagusa ngozi. Ndio maana nataka tubonge brashi: ile softi, ya bei ya mtaa, na venye unaichagua bila kuuziwa jina.

Rada ni hii. Ndevu zetu zimejikunja. Ukizikata zikiwa kavu, zinabaki na ncha kali, zinamea zikijipinda, zinarudi kudunga ngozi ile ile zimetoka. Mwili unaona ni kitu kigeni kimeingia, unafura, na hiyo ndio bump. Lakini nywele ikikunywa maji ya uvuguvugu dakika mbili tatu, inalainika na inakatika bila vita. Hapo ndio brashi inaingia. Inabeba maji, inachapa povu nzito, inaisukuma mpaka kwa mzizi na inainua zile nywele zimelala. Mkono unapaka povu juu juu tu. Na brashi ikiwa ngumu, inakwaruza vipele zile tayari ziko, unaanza kunyoa ngozi imewaka. So softi si mambo ya urembo, manze. Kwa msee wa bumps, softi ndio kila kitu.

Sasa, kwa duka utaambiwa hadithi mob. Ya kwanza ni badger, mnyama wa majuu wa jamaa moja na nyegere. Nywele nyingi za badger hutoka China, na zinapangwa kwa majina: pure, best, silvertip. Usitishwe na hayo majina, juu hakuna kipimo kimoja cha dunia nzima, kila kampuni inaita yake venye inataka. Silvertip ya ukweli ni softi sana, lakini inakula mathao.

Ya pili ni ya nguruwe. Omega ya Bologna, Italia, wamekuwa kwa hii biz tangu 1931, na bei zao ni za watu wa kawaida. Noma ni kwamba inakuja ngumu. Lazima uiloweke kabla ya kunyoa, uitumie wiki kadhaa, ncha zipasuke ndio ilainike. Shingo yako ikiwa tayari iko na vita, hizo wiki utaumia. Na kwa mabeshte Waislamu wa Eastleigh ama Mombasa, chanukeni: brashi ikiandikwa "pure bristle", kawaida hiyo ni nguruwe, hata kama hakuna picha ya nguruwe kwa boksi.

Ya farasi iko na historia inafaa kila mtu ajue. Wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia, kulikuwa na brashi za bei ya chini za nywele za farasi, zingine zimepakwa rangi zikae badger, na nywele hazikuwa zimesafishwa venye inafaa. Wasee walipata kimeta, ule ugonjwa wa ng'ombe na mbuzi, kupitia vidonda vidogo za kunyoa. Wengine walidedi, wanajeshi wa Uingereza na Marekani wakiwa ndani. Mwaka wa 1920 Uingereza ikapiga marufuku brashi za kunyolea kutoka Japani. Siku hizi nywele zinasafishwa kabla ya kufungwa kwa brashi, kwa hivyo brashi mpya ya farasi si ngori. Lakini mtumba ya brashi, zile za kuokota kwa rundo na haujui imetoka kwa uso wa nani? Hapana. Hiyo acha hapo.

Kura yangu mimi iko kwa sintetiki. Nailoni iliingia kwa mswaki mwaka wa 1938 kupitia DuPont, na kwa miaka mingi brashi za kunyolea za nailoni zilikuwa ngumu, zinateleza, hazishiki maji. Wahenga walizichukia na walikuwa right. Lakini za saa hii ni kitu ingine. Nyuzi ni nyembamba, ncha imechongwa ikawa laini, na kampuni za China kama Yaqi zinazitengeneza bei ikiwa chini. Haihitaji kuloweka, haina harufu ya mnyama, inakauka mbio, na hakuna dini inaikataa. Kwa keja ya bafu ya kushare, kukauka mbio ni maneno kubwa.

Ukiingia maduka ya vipodozi pale Dubois Road, usiogope kuomba uishike. Iguse na mdomo wa juu, chini ya pua. Kiganja kimeshikana na vyuma za mat kila asubuhi, hakiwezi kukuambia ukweli. Mdomo utasikia hata ncha moja inadunga. Halafu ibonyeze nyuma ya mkono mpaka nyuzi zifunguke pande zote, uachilie. Ikisimama yenyewe, iko na mgongo. Ikibaki imelala, hiyo si softi, hiyo ni legevu, na povu haitatoka. Hapa ndio wasee wengi wanauziwa mbaya, juu legevu ikiwa kavu inafeel poa sana. Vuta nyuzi kidogo. Moja mbili zikitoka kwa brashi mpya ni sawa, zikitoka rundo rudisha. Upana wa milimita 24 pale nyuzi zinaingia kwa mkono unatosha uso wa mtu yeyote.

Muuzaji akikuapia ni badger na bei inakaa ya plastiki, omba unyuzi mmoja ule umetoka, toka nje, uuchome na kiberiti. Wa mnyama unanuka nywele imeungua na unakuwa majivu. Wa plastiki unayeyuka, unabaki katone kagumu.

Bajeti? Jirongo hadi thao, na mimi singepita hapo. Ukipita, unalipia mbao ya mkono na jina. Pia usipewe ile brashi ya kupanguza nywele kwa shingo na poda. Inakaa softi, lakini haijatengenezewa maji, itamwaga nyuzi kwa sabuni yako.

Kutumia ni rahisi. Maji ya uvuguvugu kwa uso kwanza, zungusha brashi kwa sabuni mpaka povu iwe nzito, paka ukizungusha polepole, usisugue. Nyoa na wembe wa blade moja, ukifuata venye ndevu zimelala, na usivute ngozi. Brashi peke yake haimalizi bumps. Zikizidi, wacha ndevu zimee kwanza na uone daktari wa ngozi. Ukimaliza suuza brashi hadi maji yatoke clear, ikung'ute, uiweke pahali kuna hewa.

Na ukienda kinyozi, beba yako. Brashi moja ikipita uso kwa uso siku mzima, na wembe unatoa damu kidogo hapa na pale, inaeza kupea magonjwa ya ngozi ya msee haujui. Mshow tu, "Buda, leo tumia hii yangu." Kinyozi wa maana hatakasirika, na ukimaliza uisuuze hapo hapo kabla uirudishe kwa begi.