Je, wajua sumaku inaweza kuwinda sumukuvu?

Machi 2021, Kenya ilipozuia mahindi ya Tanzania kwa sababu ya sumukuvu, sumu inayotolewa na kuvu wa nafaka, malori yalikwama mpakani Namanga. Siku chache baadaye njia ilifunguliwa kwa sharti: shehena iwe na cheti kwamba sumu haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Ndicho kikomo cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, yenye makao makuu Arusha. Kwa hesabu ya sokoni, gunia la kilo 100 lisiwe na zaidi ya miligramu moja. Kiasi hicho jicho halikioni, na kusonga ugali hakukiondoi. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu 20 Dodoma na Manyara.

Kuna kihisi kinachoisaka kwa sumaku. Kazi inaanzia kwenye punje za magnetaiti, madini yaleyale yaliyomo katika mchanga mweusi wa milima ya volkano kama Meru, ila hizi hutengenezwa maabara zikiwa chini ya nanometa 20 hivi. Kwa udogo huo huvutwa na sumaku ikiwa karibu. Ikiondolewa, hutawanyika tena badala ya kugandana. Huvishwa kingamwili inayoishika sumukuvu, zikakorogwa kwenye kimiminika kilichotumika kuitoa sumu kwenye unga.

Molekuli ya sumukuvu ni ndogo mno, haishikwi na kingamwili mbili kwa pamoja. Basi uso wa kihisi hupakwa sumukuvu kabla, na punje yenye nafasi hujishika hapo na kutoa ishara. Punje ambayo tayari imenasa sumu ya kwenye unga haina tena nafasi ya kushika pale, inaoshwa na kwenda zake. Kwa hiyo ishara ikiwa hafifu, ogopa: unga una sumu nyingi.

Ishara yenyewe husomwa na tabaka nyembamba za metali ambazo ukinzani wake wa umeme hubadilika zikiguswa na usumaku. Albert Fert na Peter Grünberg waligundua jambo hilo mwaka 1988, wakapata Nobel 2007. Diski za kompyuta zilisomwa hivyo kwa miaka mingi. Vipimo vya rangi na mwanga husumbuliwa na weupe wa maziwa au wekundu wa pilipili. Sumaku haijali, kwa kuwa chakula karibu chote hakina usumaku.

Teknolojia ya nano si ngeni chini ya Meru. Askwar Hilonga, wa Taasisi ya Nelson Mandela iliyoko Tengeru, alishinda mwaka 2015 tuzo ya Afrika ya Royal Academy of Engineering ya Uingereza kwa chujio lake la maji linalotumia teknolojia hiyo.

Hata hivyo, vihisi vingi vya sumaku bado vimo maabara, na kwa maoni yangu ugumu mkubwa hauko kwenye kifaa. Sumukuvu haisambai sawasawa: punje chache za mahindi zenye kuvu zinaweza kuharibu gunia zima, nazo zikakwepa kiganja anachochota mpimaji. Kwa hiyo, mfanyabiashara, chota juu, katikati na chini, kwenye magunia mengi, saga pamoja ndipo upime. Nawe mkulima, anika juu ya turubai hadi unyevu ushuke chini ya asilimia 13.5.