Ndege Kugongana Ardhini

Wengi hudhani ya kuwa hatari ya ndege i huko juu mawinguni. Lakini ajali iliyoua watu wengi kupita zote za ndege ilitokea ardhini, tarehe 27 Machi 1977, katika kisiwa cha Tenerife, nchi ya Hispania.

Siku ile bomu lilipasuka katika kiwanja cha ndege cha kisiwa jirani, na ndege nyingi zikapelekwa kiwanja cha Los Rodeos. Zikaziba njia ya pembeni, hata zilizotaka kuondoka zikalazimika kupita katika njia ile ile ya kurukia. Kisha ukungu ukatanda. Marubani hawakuonana, wala mwongozaji aliye mnarani hakuwaona. Wote walitegemea masikio.

Rubani wa ndege ya Kiholanzi alikuwa amepewa maagizo ya njia ya kufuata angani tu, naye akaanza kwenda mbio bila ruhusa ya kuruka. Mwongozaji akamwambia angoje. Papo hapo Wamarekani nao wakanena ya kuwa wangali njiani. Maneno yakapambana redioni, yakageuka mlio. Ndege zikagongana, wakafa watu 583.

Tangu msiba ule kanuni zilikazwa. Neno la kuruka halitajwi redioni ila ruhusa yenyewe inapotolewa au kufutwa. Tena kuitikia "vema" hakutoshi: rubani sharti alikariri agizo alilopewa, na mwongozaji amsikilize, amsahihishe akikosea. Ndipo tujuapo ya kuwa lililosemwa ndilo lililosikiwa.